Mgonjwa wa Mama Foronya

Wateja wote ni waongo. Sisemi kwa ubaya, nasema kwa uzoefu. Muulize mtu nani kaimwagia kompyuta chai, atakuambia ni unyevu wa hewa. Muulize nani kaiangusha, utasikia ilikuwa imetulia mezani ikaanguka yenyewe. Nimetengeneza kompyuta mpaka nywele zimeanza kuniaga, kwa hiyo siku hizi sikasiriki tena. Mwenye mashine namsikiliza kwa sikio moja, la pili nalitega kwenye mashine, maana mashine haina sababu ya kunificha kitu.

Mama Foronya hakuwahi kunidanganya hata kwa neno moja, na ndiye mteja aliyenitoa jasho kuliko wote.

Jina hilo alilipata kazini. Alikuwa mshonaji wa hospitali kubwa, kwenye kile chumba cha nyuma karibu na dobi, ambako daktari hapiti labda awe amepotea njia. Alishona mashuka, foronya, mapazia ya wodi, na zile gauni za wagonjwa zinazofungwa kamba kwa nyuma zikamwacha mtu mgongo nje. Alikuwa akisema nusu ya mji huu imelalia kazi ya mikono yake, wengine wakiwa ndiyo wanazaliwa, wengine wakiwa ndiyo wanaondoka, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza nani kashona. Hakusema kwa kulalamika. Alisema kama mtu anayekuelekeza kwao.

Mumewe alifariki mapema, akamwachia mtoto mmoja wa kiume. Mtoto huyo alikulia chini ya meza ya kukatia vitambaa, akichezea vifungo. Alipokuwa mtu mzima alipata kazi nchi ya mbali, akaenda. Alimwachia mama yake kompyuta yake ya mezani, ile yenye kioo peke yake na sanduku lake pembeni, na akamfundisha mambo ya lazima tu: bonyeza hapa iwake, subiri, ikilia bonyeza pale unione. Simu ya Mama Foronya ni ya vitufe, haionyeshi sura ya mtu. Kwa hiyo kila Jumapili alasiri alikaa mbele ya ile kompyuta, akamwona mwanawe.

Alikuja dukani kwangu mwenyewe, na mkoba wake kwapani, akasimama mlangoni mpaka nilipomkaribisha.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, fundi. Mashine yangu inazima."

"Inazima vipi? Inaandika kitu kwanza kwenye kioo?"

"Haiandiki wala haiagi. Tunaongea vizuri, mara giza."

"Wakati wowote tu?"

Akafikiri. "Tunapofika kwenye maneno," akasema.

Nikamwomba anifafanulie. Akanieleza kwamba mwanawe akipiga, huanza kwa salamu. Na salamu za Mama Foronya, kama nilivyokuja kujionea baadaye, si za kupitia juu juu. Kijana ataulizwa afya, kazi, usingizi, chakula, baridi, viatu kama vinaingiza maji. Halafu mama naye atatoa habari za hapa: jirani wa juu na ngazi zake, jirani wa chini na bomba lake, nani kaugua, nani kapona, nani kaolewa na nani alikuwa akidhani ataolewa yeye. Salamu zikiisha, kijana hukohoa kidogo, husema, "Sasa Mama, kuna neno nataka tuongee kwa utulivu." Hapo ndipo mashine inapozima.

"Halafu?"

"Halafu ananipigia kwenye simu, ana wasiwasi. Ananiuliza, 'Umezima wewe au imezima yenyewe? Uko salama?' Nikimwambia basi sema hilo neno, anasema si la simu. Anataka aseme akiniona."

"Na hujui ni neno gani?"

Alitazama nje kidogo, akainama kuniambia kwa sauti ya chini, ingawa dukani tulikuwa wawili tu. "Nadhani anarudi, fundi. Mtu hawezi kusema jambo kama hilo kwenye simu. Mapazia ya chumba chake nimeshayashona."

Nikamwambia asiwe na shaka. Nje ya duka langu nina kibao nilichokiandika kwa mkono wangu: HAKUNA MASHINE INAYONISHINDA. Nikamwonyesha. Akakisoma chote, akainamisha kichwa kwa heshima.

Siku iliyofuata nilipanda ngazi zake. Nimeingia nyumba nyingi, lakini sebule kama ile sijaiona. Kila kitu kilikuwa kimevaa. Redio ilikuwa na gauni la maua, televisheni ina shali, friji imefungwa kitu kama aproni, na hata rimoti ilikuwa na kifuko chake chenye zipu. Makochi ndiyo usiseme. Ungeingia mle ukasahau kwamba kuna mtu mmoja tu anayeishi, maana ilikuwa kama umekuta wageni wamekaa na nguo zao za mtoko wanasubiri kuhudumiwa. Ile kompyuta peke yake, juu ya meza karibu na dirisha, ndiyo iliyokuwa uchi.

"Mbona huyu hana nguo?" nikamtania.

"Huyo mgonjwa," akajibu.

Nikacheka. Nilidhani naye ananitania.

Nilifungua sanduku lenyewe. Nimeshafungua mashine za watu nikakuta mende wamefanya harusi na kulea wajukuu. Ya Mama Foronya ilikuwa safi kama sahani iliyooshwa. Feni inazunguka vizuri, nyaya zimekaza, hakuna kilichoungua. Nikaiwasha, nikaiacha inacheza muziki huku nakunywa chai yake. Haikuzima. Nikamuuliza maswali yote anayouliza fundi. Umeiegemeza ukutani? Hapana. Inapata hewa? Dirisha hilo hapo. Umeme unaruka? Taa hazipepesi. Yote yalikuwa kweli.

Nikashuku soketi. Nikamwomba tuijaribu kwenye chumba kingine, akanifungulia cha mwanawe. Kitanda kilikuwa kimetandikwa kihospitali, pembe za shuka zimekunjwa kwa mshazari, foronya imenyooshwa kwa pasi mpaka inang'aa. Mapazia mapya yalikuwa bado na harufu ya duka. Hakikuwa na vumbi wala harufu ya mtu. Alisimama kizingitini, hakuingia na viatu, nami nikajikuta nimevua vyangu.

Soketi ilikuwa nzima. Nikabadilisha pawa saplai, kile kiboksi cha ndani kinachogawa umeme, maana fundi akikosa cha kulaumu hulaumu pawa saplai, nikamwambia Jumapili ataongea mpaka achoke.

Jumapili ikazima.

Nikaichukua dukani. Nikaipigisha kazi ya punda: filamu kutwa nzima, michezo ya kupigana yenye kelele, vyote kwa pamoja. Ikawa inachapa kazi, haitoi hata jasho. Nikairudisha. Jumapili ikazima. Nikabadilisha gundi ya kupozea, nikabadilisha memori, nikafuta kila kitu na kuweka mfumo upya, nikamletea waya mpya wa umeme kutoka kwangu mwenyewe. Kila nikiwapo, mashine ni mtoto mtiifu. Nikiondoka, Jumapili ikifika, neno likikaribia, giza.

"Inahema," Mama Foronya aliniambia safari moja. "Ikikaribia kuzima, inahema kama mtu aliyepanda zile ngazi zangu."

Nikasogeza sikio. Ilikuwa inapumua taratibu kabisa.

Sitaficha, hasira zilianza kunipanda. Nilianza kuisema ile mashine njiani, peke yangu, watu wakinipisha. Lakini kwenda kule sikuchoka. Mama Foronya hakuwa mtu wa kukaa bure. Nikiwa nimeinamia sanduku lake, yeye alikuwa ameshanivua shati kwa maneno na kuligeuza kola, au ameshalipachika begi langu la vifaa zipu mpya. Alikuwa anaongea na vitu. Akipita karibu na friji huiambia, "Nipishe, mama." Alinikaribisha kila mara kwa "karibuni", kana kwamba nyuma yangu kuna msafara. Nami kwangu hakuna anayeniuliza mbona nimechelewa, tangu mke wangu alipoona afadhali akaishi kwa dada yake. Kwa hiyo chai ya kwanza nilikuwa nainywa nikitengeneza, na ya pili nainywa hivi hivi tu.

Kilichonivunja ni salamu kutoka ng'ambo. Mama Foronya alinifikishia huku anaona haya.

"Mwanangu anasema... usikasirike, fundi."

"Sema tu, Mama."

"Anasema wewe ni kanjanja."

Mimi! Sikulala vizuri. Jumapili iliyofuata nikafunga duka, nikabeba begi langu, nikapanda ngazi bila kumpa taarifa. Nilitaka kuuona huo ugonjwa ukitokea mbele ya macho yangu.

Mlango ulikuwa umerudishiwa tu. Nilimkuta amekaa mbele ya kioo, gauni la mtoko, kitambaa cha kichwa kimefungwa kwa ufundi, hereni masikioni. Aliponiona alinipungia mkono kwa chini, kamera isione, nikaketi kwenye kona ya kochi. Kwenye kioo alikuwa mwanaume mwenye ndevu na sweta nene, nyuma yake ukuta mweupe. Walikuwa kwenye bomba la jirani wa chini.

Ndipo nikaangalia pembeni ya kioo, na mara ya kwanza nilidhani kuna mtoto kaketi juu ya meza.

Lilikuwa koti. Koti la kiume, la kijivu, zito, lenye bitana, limevishwa lile sanduku la kompyuta kuanzia juu mpaka chini. Vifungo vyote vilikuwa vimefungwa hadi shingoni. Waya wa umeme ulitokea mkono wa kushoto, nyaya za kioo na za kibodi zikatokea mkono wa kulia. Kifuani palikuwa na tundu dogo lililozungushiwa uzi vizuri, kwa ajili ya kidole kinachokwenda kuwasha. Ilikuwa kazi ya mtu aliyeshona maisha yake yote na akashona hii kuliko zote. Na ndani ya hilo koti, mashine ilikuwa inahema.

Nikanyoosha mkono, nikagusa begani. Palikuwa pa moto kama pasi.

"Sasa Mama," kijana akasema, akakohoa kidogo, "lile neno langu..."

Giza.

"Umeona?" Mama Foronya akanigeukia. "Umeona mwenyewe?"

Sikujua nicheke au nilie. "Mama," nikasema, "hili koti?"

"La mwanangu. Aliliacha. Walimwambia baridi ya huko si ya koti hili."

"Mashine inalivaa tangu lini?"

"Tangu aondoke."

"Mbona mimi sijaliona hata siku moja?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Fundi, mgonjwa huvuliwa kabla daktari hajapita. Wodi zote ndivyo zilivyo. Ningekuachia umpime na koti?"

Ndivyo ilivyokuwa. Kila nilipokuja alikuwa ameshamvua mgonjwa wake, amelikunja koti na kuliweka kabatini, amempangusa kwa kitambaa chenye maji, akanisubiri. Hata nilipomchukua kwenda dukani, alinikabidhi bila koti, kwa adabu. Na kila nilipoondoka alimvisha tena, akamfunga vifungo, akamwandaa kwa Jumapili. Nami, na kibao changu nje, nilikuwa natibu mgonjwa ambaye kila nikimshika mkono ameshapona. Niliuliza kuhusu ukuta, umeme na dirisha. Koti halikuwemo katika maswali yangu.

Nikamweleza kwa upole nilioweza. Mashine ikifanya kazi inapata joto, na joto linatoka kwa matundu haya ya pembeni na haya ya nyuma. Matundu yakizibwa, joto linarudi ndani, na likizidi mashine inajizima yenyewe isije ikaungua. Kuongea na mtu huku unamwona ni kazi nzito kwake. Ndiyo maana.

Alikaa chini. "Kwa hiyo ni mimi niliyekuwa namkaba."

"Ni koti, Mama."

"Koti halikujivaa."

Aliona uchungu, nami nikauona naye. Simu yake ikaita. Tukiwa kimya namna ile, nilisikia sauti ya kijana mpaka nilipokuwa: "Mama, umezima wewe au imezima yenyewe? Uko salama?" Niliielewa safari hii. Ilikuwa sauti ya mtu aliyesimama kwa wasiwasi, si aliyekaa.

"Niko salama, baba, na ugonjwa tumeujua! Fundi kaupata! Subiri kidogo, nipigie tena kule, leo tutamaliza."

Nilivimba kichwa, kwa nini niseme uongo. Nikaanza kufungua vifungo.

"Taratibu," akaniambia, "hicho cha juu kimelegea."

Nikalivua koti, nikampa. Akalipakata. Tukaiacha mashine ipoe, nikaiwasha, na Mama Foronya akaniomba nisiondoke, nishuhudie kama itakaa. Nikarudi kwenye kona yangu ya kochi. Mwanawe akapiga, akatokea.

Kwa kuwa salamu zilikuwa zimeshaisha, hapakuwa na kona ya kujificha.

"Mama," akasema, "haya, sasa nisikilize. Nimeshapata karatasi zote za kukaa huku. Kazi ni ya kudumu. Mimi sirudi kuishi huko. Nitakuja kukuona, lakini kuishi, hapana. Maisha yangu yako huku sasa."

Mama Foronya alikuwa anatabasamu, tabasamu lile lile alilokuwa nalo kwenye bomba la jirani. "Unaona mashine ilivyotulia leo?" akasema.

"Naiona, Mama. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

"Kile chumba changu, kipangishe. Mtafute mtu mwema, mwanamke mzima kama nesi hivi, mkae wote. Sitaki ukae peke yako na chumba kitupu."

"Si kitupu."

"Mama."

"Kuna kitanda. Kuna mapazia."

Kijana alijifuta uso. Hakuwa mtu mbaya. Nilitamani awe mbaya, ingekuwa rahisi. "Sitaki jibu leo," akasema. "Fikiria. Jumapili ijayo utaniambia umeamua nini. Sawa, Mama? Nitakuuliza."

 Mama Foronya aligeuza macho, akalitazama lile sanduku lililovuliwa koti pembeni ya kioo, akalitazama kwa kusubiri. Nikaelewa anasubiri nini. Tangu nianze kazi hii sijawahi kuiombea mashine izime, lakini siku hiyo niliiombea kwa moyo wote. Haikuzima. Ilikuwa imepoa na inapumua vizuri, nilikuwa nimeitengeneza vizuri. Ikabidi wao wenyewe waagane, na walikuwa hawajui wanaagana vipi, kwa sababu kwa muda mrefu kazi hiyo ilikuwa ya mashine. Mmoja akisema haya, mwingine anasema haya, na hakuna anayebonyeza. Mwisho kijana ndiye aliyebonyeza.

Simu haikuita baada ya hapo. Hapakuwa na cha kuulizia.

Tulikaa. Nikakaza skrubu ambazo zilikuwa zimeshakaza. Kazi yangu ni vyuma.

"Imekaa," akasema yeye.

"Itakaa, Mama. Haitazima tena."

"Hata kidogo?"

"Ukiiacha wazi hivyo, hata kidogo."

Akaitikia kwa kichwa, akaanza kulikunja koti, mkono wa kushoto juu ya wa kulia. Nilimuaga. Nilikuwa nimeshafika barabarani nilipokumbuka begi langu. Mkanda wake ulikuwa umefumuka, naye alishalichukua alishone. Nikaona si vizuri kurudi kumgongea tena siku ile.

Wiki ile niliingiwa na unyonge ambao haukuwa wangu. Mteja mmoja aliniambia simu yake imeingia maji kwa sababu ya ukungu, sikumbishia. Nilikuwa namfikiria Mama Foronya na pembe za lile shuka. Nilijiambia pengine atapata nesi kweli, mtu wa mashifti, wakae wakinywa chai na kuwasema madaktari. Nikajiambia ni jambo jema. Kila nilipojiambia, nilikiona kile kitanda kimekaliwa na mkoba wa mtu mwingine, na sikupenda.

Jumapili nilikwenda kuchukua begi. Ndivyo nilivyojiambia.

Nilipofika juu mlango ulikuwa umerudishiwa, na ndani palikuwa kimya. Nikabisha.

"Karibuni," akaitika.

Alikuwa amevaa gauni la mtoko, kitambaa cha kichwa, hereni. Kioo mbele yake kilikuwa cheusi. Begi langu lilikuwa kwenye kochi, mkanda umeshonwa mshono wa mara mbili mbili. Na juu ya meza, pembeni ya kioo, koti la kijivu lilikuwa limekaa, limefungwa vifungo vyote hadi shingoni. Kile cha juu kilichokuwa kimelegea kilikuwa kimekazwa kwa uzi mpya.

 Nikasogea, nikagusa bega. Palikuwa pa moto.

Mama Foronya aliyaangalia mapaja yake, akaanza kuvuta uzi usiokuwepo kwenye gauni lake. "Tulikuwa bado tuko kwenye baridi ya huko," akasema. "Alikuwa ndiyo anakohoa."

Simu ikaita. Akaipokea haraka, na nikaisikia tena ile sauti ya mtu aliyesimama, "Mama? Imezima tena? Uko salama?"

"Niko salama, mwanangu. Ndiyo, imezima yenyewe. Hata sijui. Si tulidhani imepona?" Akasikiliza, uso umelegea kidogo kidogo, kama mtu anayepashwa moto miguu. "Ndiyo, yuko hapa. Kafika sasa hivi. Ongea naye."

Akaninyooshea simu. Macho aliyainua, akaniangalia moja kwa moja. Hakuniomba. Angeniomba ningeweza kukataa.

Nikaipokea.

"Fundi," kijana akasema, "si Mama aliniambia umeupata ugonjwa?"

Nililiangalia lile koti. Tundu la kifuani lilikuwa linanitazama.

"Nilidhani nimeupata," nikasema. "Sio wenyewe. Bado tunautafuta."

"Unautafuta mpaka lini, kaka? Niambie ukweli tu. Hiyo mashine imekushinda?"

Mama Foronya alikuwa ameacha kuvuta uzi.

"Imenishinda," nikasema.

Nikamrudishia simu yake. Nilikwenda dirishani, nikasimama nikiangalia kamba za nguo za nyumba ya pili, mpaka alipomaliza kuongea. Alikwenda jikoni, akarudi na vikombe, akamimina cha kwangu kwanza, akakiweka pale ninapokaaga.

"Amesema kesho atapiga tena," akaniambia. "Aulize kama imewaka."